Kutoka sehemu za WhatsApp hadi kitabu: hatua za kufuata usibaki na maboksi chini ya kitanda

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa riwaya za Kiswahili nchini Tanzania anayetaka hadithi yake itoke kwenye simu iwe kitabu kinachonunuliwa. Kanuni yake ni moja: idadi ya nakala utakazochapa itokane na orodha ya watu waliokwisha kukulipa. Waliokusifia tu usiwahesabu. Wanaobaki na maboksi ni wale walioanza na mpiga chapa, wasomaji wakawatafuta baadaye.

Hatua ya 1: Maliza muswada kabla ya kurusha sehemu ya kwanza

Riwaya ya maneno 60,000 inatoa sehemu 40 za maneno 1,500, urefu unaosomeka ndani ya daladala. Ukirusha sehemu tatu kwa wiki, una kazi ya miezi mitatu. Anayeandika leo na kurusha leo hukwama katikati: anauguliwa, anapata safari, au fundo alilolifunga sehemu ya 9 linamshinda kulifungua sehemu ya 20. Msomaji aliyeachwa njiani mara moja hatoi tena hela yake.

Kama una nia ya kushindania tuzo, mathalani ile ya fasihi ya Kiswahili ya Safal au Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), soma masharti ya mwaka husika kabla ya kurusha chochote. Shindano likidai kazi ambayo haijachapishwa, hadithi iliyokwisha kuzunguka mtandaoni inaweza kukataliwa.

Hatua ya 2: Toa bure mpaka wanogewe, kisha toza

Sehemu 12 za mwanzo ziwe bure, Facebook au popote walipo wasomaji wako. Sehemu ya 12 ikatie pale penye arosto ya kweli, yaani hamu ya kujua kitakachofuata: swali ambalo hadithi imelijenga tangu mwanzo. Bunduki iliyozuka ghafla mlangoni haitoshi. Kuanzia ya 13, msomaji analipia ndipo aingizwe kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho admini pekee ndiye anayeweza kuandika.

Uza kwa mafungu. Ukitoza sehemu moja moja, makato ya kutuma pesa yatamchosha mnunuzi, nawe utashinda unakagua meseji za miamala badala ya kuandika. Mafungu mawili ya sehemu 14 yanatosha kumaliza riwaya, tuseme kwa shilingi 2,000 kila moja. Tumia Lipa Namba yenye jina lako la uandishi au la biashara, maana msomaji akiona jina asilolitambua kwenye skrini huahirisha malipo.

Kuibiwa kupo. Mtu atanakili maandishi, afute jina lako juu, aweke lake. Kwa hiyo jina na namba yako visikae juu peke yake. Vipachike pia katikati ya sehemu, baina ya aya mbili. Wezi wengi hawana subira ya kusoma wanachoiba, na msomaji atakayekutana na nakala ya wizi atajua pa kukupata.

Hatua ya 3: Tunza orodha

Fungua jedwali lenye safu nne: jina, namba ya simu, mji, na alichokilipia. Mwombe kila anayelipa ruhusa ya kumtumia taarifa za kitabu, kisha mwambie aihifadhi namba yako kwenye simu yake. Hili la pili watu hulipuuza, halafu wanalalamika kwamba matangazo hayafiki. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu 256 tu, na ujumbe humfikia yule aliyeihifadhi namba yako pekee.

Safu ya mji ina kazi yake. Ukikuta wasomaji 40 wako Mwanza na 6 Dodoma, umeshajua mzigo wa kwanza uende wapi.

Hatua ya 4: Hariri upya, kwa jicho la kitabu

Usichukue sehemu 40 ukazibandika zikawa sura 40. Hadithi ya mfululizo ina tabia ambazo kitabu hakizivumilii. Futa mistari yote ya kukumbushia yaliyopita mwanzoni mwa sehemu. Unganisha sehemu mbili au tatu ziwe sura moja. Punguza arosto, kwa sababu anayesoma sura tano kwa mkupuo ataona kila moja inaishia kwenye mlio wa risasi au simu isiyopokelewa, na atachoka.

Kagua majina na umri wa wahusika. Mama aliyekufa sehemu ya 6 hutokea akipika chai sehemu ya 31, na kwenye simu hakuna aliyegundua kwa kuwa wiki nane zimepita.

Kisha lugha. Makosa ya simu hayaonekani mpaka yawe kwenye karatasi: "kua" badala ya kuwa, "uyu" badala ya huyu, "ntakuja", "apo", na r na l kubadilishana viti. Tafuta kila moja kwa programu ya kuandikia, lakini badilisha mojamoja. Ukibadilisha zote kwa mpigo, "kua" ya mtoto anayekua nayo itaharibika. Lafudhi ya mhusika ndani ya usemi iache, ya msimulizi isafishe.

Mlipe mhariri, halafu mlipe mtu mwingine asome prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa kabla ya kuchapwa. Mtu mmoja hafai kwa kazi zote mbili. Aliyepanga upya sentensi huisoma kwa kumbukumbu, hayaoni makosa yake.

Hatua ya 5: Kurasa, jalada na namba

Chagua ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Kwa herufi za ukubwa wa pointi 11, ukurasa hubeba maneno 300 hivi, kwa hiyo maneno 60,000 ni kurasa 200. Ongeza kurasa nane za mwanzo: 208. Idadi hiyo inagawika kwa 16, na karatasi kubwa za uchapaji hukunjwa kwa kurasa 16. Ukiwa na 210, utalipia kurasa tupu.

Ukingo wa ndani uwe mpana, milimita 20. Gundi humeza sehemu ya ukurasa, na ukingo ukiwa mwembamba msomaji atalazimika kukivunja kitabu mgongo ili asome.

Jalada lipite ukubwa wa kitabu kwa milimita 3 kila upande ili likikatwa lisiache mstari mweupe. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo kurasa 208, ambazo ni karatasi 104, zinatoa mgongo wa milimita 10 na kidogo. Mchoraji asikisie, achukue kipimo kwa mpiga chapa. Na faili la jalada liwe katika CMYK, yaani rangi nne za uchapaji, kwa sababu bluu inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia kwenye karatasi.

ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Aliyeko Kenya huomba kwa huduma ya maktaba ya taifa ya huko. Iombe mapema, kwa kuwa lazima ichapwe ndani ya kitabu na nyuma ya jalada. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ila kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, hukupa ushahidi wa maandishi siku ya ugomvi.

Hatua ya 6: Piga hesabu, ndipo uchape

Omba bei kwa wapiga chapa watatu, kwa maelezo yaleyale: A5, kurasa 208, bondi ya gramu 80, jalada la gramu 300 lenye laminesheni, gundi ya moto. Nakala chache huchapwa kwa mashine ya dijito. Ofseti, yaani uchapaji wa mabamba, huanza kulipa idadi ikifika mamia kadhaa na kuendelea.

Tuchukulie umepewa shilingi 5,000 kwa nakala, unataka nakala 300, na uhariri pamoja na jalada vimekula 900,000, sawa na 3,000 kwa kila nakala. Bei ya kuuzia ni 15,000. Ukiuza mwenyewe unabaki na 7,000. Duka likichukua asilimia 35 unabaki na 1,750. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuwa na orodha.

Sasa tangazia orodha yako bei ya kulipia kabla, 12,000, ukitaja tarehe ya kukabidhi na ahadi ya kurudisha hela kitabu kikichelewa kupita siku 30. Walipaji 125 wanakulipia gharama yote ya mpiga chapa: 1,500,000. Wakitokea 40, usikope ili ufikishe 300. Chapa 80.

Usiruhusu mashine kuendelea kabla ya kupewa nakala ya mfano. Ifungue wazi katikati na uivute. Karatasi zikichomoka, gundi haikushika. Kitabu kikijikunja chenyewe mezani, huenda nyuzi za karatasi zimekwenda kinyume na mgongo. Mwambie mpiga chapa abadilishe upande wa kukata.

Hatua ya 7: Sambaza kwa maandishi

Wa mikoani watumie kwa basi, vitabu vyao vikiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bahasha, na uwatumie picha ya risiti ya mzigo. Maduka mengi yatataka mali kauli, yaani yakulipe baada ya kuuza. Kubali, lakini peleka nakala 5, si 50, na hati iliyosainiwa inayotaja idadi, asilimia yao, na tarehe ya kuhesabu. Tarehe hiyo ikifika, nenda mwenyewe. Kwa simu utaambiwa "bado havijaisha" mpaka mwaka ugeuke.

Soko la shule ni mlango mwingine kabisa: huko ni ithibati ya TET, na riwaya ya mapenzi iliyovuma WhatsApp mara nyingi haipiti.

Hatua ya 8: Mchapishaji akija

Akikupa mkataba, uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa juu ya nini. Asilimia 10 ya bei ya jalada ya 15,000 ni 1,500. Asilimia 10 ya pato baada ya punguzo la duka la asilimia 35 ni 975. Dai kifungu kinachokurudishia haki kitabu kikiisha bila kuchapwa tena kwa muda uliotajwa, na usisaini nakala za kidijitali na tafsiri kwenye sentensi moja na kitabu cha karatasi. Orodha ya wasomaji haiingii kwenye mkataba.