Maji yakiharibu nyumba ya kupanga Lubumbashi: jinsi ya kuomba konsta, na neno la kutazama kabla ya kusaini

Kama maji yameingia ndani leo, usianze kufuta. Najua mikono inawasha ukiona ukuta wa salo umelowa na plasta imeanguka juu ya kiti, lakini subiri. Mimi sikusubiri. Nilifagia, nikanunua simenti na rangi, nikamlipa fundi siku mbili, ndipo nikaenda kumwita shefu wa kartiye, yaani wa mtaa. Alifika, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama kiganja chake, kikavu na kisafi.

“Mama, ukuta huu ni mpya. Niandike nini?”

“Papa shefu, nyuma ya rangi kumeoza.”

“Nyuma ya rangi mimi sioni.”

Alisema kweli. Konsta ni hati ya kile ambacho mkubwa wa serikali amekiona kwa macho yake, na bila hati hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kukusikiliza. Simenti, rangi na malipo ya fundi vilinipotea vyote, na wiki tatu baadaye ukuta uleule ukaanza kutoa unga mweupe kama chumvi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote: zima umeme kwenye dizonkta, yaani swichi kuu, hasa kama ukuta uliolowa una prize ya kuchomekea umeme. Funga robine kubwa ya maji ya parseli, yaani ya kiwanja chote. Toa magodoro, nguo na karatasi za watoto. Kisha piga picha, moja ya chumba kizima na nyingine ya karibu, na weka kitu chenye urefu unaojulikana kando ya doa, kwa mfano rula ya mtoto. Plasta iliyoanguka usiitupe, iweke kwenye ndoo.

Halafu barua kwa shefu wa kartiye. Jina lako, avenyu, namba ya nyumba, tarehe maji yalipoonekana, na ombi la wazi: aje, au amtume mtu, kuangalia madhara na kuyaandikia hati. Andika kopi mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakupigia muhuri na tarehe kwamba wameipokea. Usiondoke bila muhuri huo, kwa sababu mwenye nyumba akija kusema ulikaa kimya, muhuri ndio utakaokujibia. Pitia kwa shefu wa avenyu kwanza. Ni heshima, na mara nyingi ndiye atakayeongozana na wageni hadi mlangoni kwako. Ukiambiwa kuna pesa ya kulipa, omba risiti.

Sasa nakuja kwenye neno lililonigharimu kuliko simenti.

Shefu alirudi na wakaguzi, maana unga mweupe ulikuwa ukionekana. Wakaandika vizuri: chumba, urefu wa doa, plasta iliyoanguka. Mwishoni, mahali pa chanzo, wakaandika “maji ya mvua”. Ilikuwa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nani angefikiri kingine? Mimi nilikuwa na furaha tu ya kupata karatasi, nikasaini. Mwenye nyumba alipoisoma alinirudishia palepale: “Mama, mvua si mimi ninayeileta.” Mlango ukafungwa.

Lakini ukuta ule ulianza kulowa mwezi wa tisa. Kila mtu wa Lubumbashi anajua mwezi wa tisa ni vumbi. Toka mwezi wa tano hadi wa tisa karibu hakuna mvua ya kulowesha hata kitambaa. Ukuta unaolowa wakati wa kiangazi unalowa kwa tiyo, yaani bomba la maji, si kwa mbingu. Nilipaswa kulisema hilo mbele yao na kulidai liandikwe.

Jifunze kutofautisha kabla hawajafika. Maji ya bati yanashuka kutoka juu: plafo, yaani dari, inakuwa na duara za rangi ya chai, na doa linakua siku ya mvua tu. Maji ya ardhini yanapanda kutoka chini, mara nyingi bila kupita sana mita moja, yakiacha chumvi nyeupe, na nyumba zetu nyingi za matofali ya udongo wa kichuguu yasiyochomwa vizuri zinayanywa kama sponji. Maji ya tiyo hayajali mvua wala kiangazi. Doa linazunguka mahali tiyo inapopita, karibu na duchi ya kuogea au jiko, na linabaki baridi na bichi hata mchana wa jua kali.

Kipimo cha tiyo hakihitaji fundi. Fungeni robine zote, soma kontere, yaani mita ya maji, subiri, soma tena. Ugumu ni kwamba parseli yetu ina familia tatu kwenye kontere moja. Ilibidi nipige hodi kwa jirani zangu wote wawili na kuwaomba kila mmoja ajaze ndoo mapema. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri hakuna aliyegusa robine. Huo ni muda wa saa saba kamili. Tarakimu nyekundu za kontere zilisogea lita 210. Hiyo ni lita 30 kwa saa, lita 720 kwa siku, zinaingia ndani ya ukuta bila mtu kuzinywa. Nilipiga picha ya kontere mara mbili, na jirani wote wawili wakasaini karatasi kwamba walishuhudia. Nawashukuru hadi leo.

Kwa karatasi hiyo niliandika barua nyingine kuomba konsta ya nyongeza. Safari hii niliomba waandike mambo matatu: mahali doa lilipo, usomaji wa kontere, na kwamba unyevu ulionekana kabla ya mvua. Kabla ya kusaini nilisoma kila mstari kwa sauti. Hati ni ya Kifaransa, kwa hiyo kama Kifaransa kinakusumbua, nenda na mtoto wako wa sekondari au jirani anayekisoma, na msione haya. Neno la kutafuta ni lile linalofuata chanzo. Kama mkaguzi hana hakika, bora aandike kwamba chanzo bado kinatafutwa kuliko kuandika mvua.

Ukiwa na konsta nzuri, mwandikie mwenye nyumba, kwa heshima na kwa tarehe. Mpe siku za kujibu. Akinyamaza, nenda Habitat, ofisi ya serikali ya mambo ya nyumba, ya komine unayokaa, iwe Kampemba, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Annexe au komine ya Lubumbashi yenyewe. Usiende ya komine nyingine, watakurudisha. Sheria ya Kongo (DRC) namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inataka ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba upite kwanza kwenye upatanisho wa Habitat kabla ya mahakama. Chukua mkataba, risiti za kodi, konsta zote, picha zilizochapwa, na hati ya hali ya nyumba mliyoandika siku ya kuingia. Kama hamkuiandika, kama wengi wetu, tafuta picha za zamani: picha ya sikukuu ya mtoto ambamo ukuta unaonekana mzima inasaidia sana. Mimi niliipata kwenye simu ya dada yangu.

Habitat watawaita nyote wawili kwa barua. Siku hiyo usianze na hasira. Weka konsta mezani na useme unachotaka: tiyo ibadilishwe, plasta irudishwe, au gharama ikatwe kwenye kodi, kwa kiasi kilichoandikwa. Tiyo iliyofichwa ukutani na bati la paa ni mzigo wa mwenye nyumba. Robine uliyoivunja wewe ni yako. Na kama maji yanatoka kwa jirani, tangi lake au shimo lake, kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu 30 Julai 1888, kinasema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake anapaswa kutengeneza. Wenye nyumba wengine watakutisha kwamba watakula garanti yako yote, ile pesa uliyoweka ulipoingia. Kumbuka sheria ile ya 2015 haikubali garanti ya nyumba ya kukaa ipite miezi mitatu, na iliwekwa kwa ajili ya madhara uliyofanya wewe, si ya tiyo yao.

Mkipatana, iandikwe PV, yaani hati rasmi ya kikao, na kila upande ubaki na yake yenye muhuri. Msipopatana, omba PV ya kutopatana, kwa sababu mahakama itaiuliza kwanza. Kwetu tulipatana. Mwenye nyumba alisoma lita 720, akatulia, akauliza kama maji yale ndiyo yaliyokuwa yakipandisha fakturi yake. Tiyo ilibadilishwa juma lililofuata.

Baada ya tiyo kuzibwa, usipake rangi bado. Bandika kipande cha plastiki ukutani jioni, ziba pembe zote kwa skochi, na ukibandue asubuhi. Kukiwa na matone upande wa ukuta, ukuta bado una maji, ubandike tena wiki ijayo. Kwangu plastiki ilitoka kavu mwezi wa sita.