Kabla ya Kuvuka Namanga Kutafuta Santuri

Mtu wa Arusha au Moshi anayetaka santuri za muziki wa dansi wa Tanzania, likizo yake ya kwanza aipeleke Nairobi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikirekodi bendi kwenye tepu ili irushe hewani, lakini nchini hapakuwa na kiwanda kinachofanya kazi cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari ya Kenya. Akina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaanzisha Arusha Jazz hapa mjini mwaka 1970, na mwaka uliofuata walikuwa Nairobi wakijiita Simba Wanyika. Mbaraka Mwinshehe naye alirekodi huko. Ndiyo maana nyimbo za nyumbani zimelala ng'ambo ya mpaka, nyingi zikiwa kwenye santuri ndogo za inchi 7.

Maandalizi yenyewe yaanzie kwenye safari ya kurudi. Santuri hununuliwa kwa dakika mbili, ikaharibika ndani ya saa tano za barabarani. Plastiki yake huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa vioo juani hufika huko bila shida. Shuttle nyingi za Namanga hufunga mizigo juu ya keria. Hapo kuna jua la moja kwa moja, mabegi ya watu wengine yamelala juu ya lako, na barabara inatikisa. Kwa hiyo chagua mapema begi linaloingia miguuni pako au chini ya kiti, na ulipime nyumbani: santuri kubwa ina upana wa sentimita 30, na ganda lake, yaani jalada la karatasi ngumu, linazidi kidogo. Kikapu kigumu chenye kitako bapa kinafaa kuliko begi la mgongoni linalojikunja. Mfuko wa plastiki wa kubebea usiutegemee kabisa, maana Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017 na sisi tukafuata Juni 2019.

Na kiti pia kina hesabu yake. Kutoka Nairobi kuja Arusha gari linaelekea kusini, hivyo ukiondoka asubuhi jua linapiga kushoto, na ukiondoka baada ya saa saba mchana linahamia kulia. Kata tiketi ya upande wa kivuli.

Kabla ya kuondoka, kata maboksi magumu vipande vinne vya mraba wa sentimita 33, na vingine vinne vya sentimita 20 kwa ajili ya zile ndogo. Pande zote mbili za rundo huwekwa vipande viwili viwili, mistari ya boksi ikipishana ili visikunjike upande mmoja. Chukua bahasha tupu za karatasi, kwa sababu santuri nyingi za zamani huuzwa zikiwa uchi. Zile zenye ganda, santuri itolewe ganda na isafiri nyuma yake ndani ya bahasha. Ikiachwa ndani, kila tuta la barabarani inagonga mshono mpaka unapasuka. Rundo lisimame wima, libanwe na kanga au shuka lisichezecheze. Kwa makadirio, kubwa 20 na maganda yake ni kama kilo 5, na ndogo 50 ni kilo 2 na nusu hivi.

Hati ni chache: pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha shilingi za Kenya taslimu, noti ndogo ndogo. Omba risiti hata ya kuandikwa kwa mkono, ili forodha wakiuliza ujibu kwa karatasi.

Sasa soko lenyewe. Soko la Kenyatta, lilelile la nyama choma na wasusi, lina vibanda vya santuri, na hapo ndipo pa kuanzia. Uwe na daftari lenye orodha ya bendi, lebo (jina la kampuni iliyotoa santuri) na namba ya santuri. Namba ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu karatasi ya katikati huchakaa na ganda huweza kuwa la santuri nyingine kabisa. Namba iliyochorwa kwenye eneo laini karibu na karatasi ya katikati haibadiliki. Ilinganishe na ile iliyochapwa.

Chukua tochi. Ya simu inatosha, ila mwanga upige kwa ubavu, usipige kutoka juu. Shika santuri kwa kingo, iinamishe taratibu, mikwaruzo itajionyesha. Pitisha ukucha kidogo juu ya mkwaruzo: ukiusikia kwa ukucha, utausikia na kwenye spika. Unaokata kwa upana mifereji, ile mistari inamopita sindano, hutoa "tik" moja kila mzunguko, jambo linalovumilika. Unaofuata mfereji ndio mbaya, maana sindano huruka au hurudia neno lilelile mpaka uisogeze. Mifereji iliyogeuka kijivu imeliwa na sindano nzito za zamani, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Kisha inua santuri usawa wa jicho uone kama imepinda.

Santuri ndogo zina mtego wake. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano tu, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, mara nyingi liko B, na watu walilirudia kulicheza. Unakuta A inang'aa na B imechoka. Geuza kila moja.

Pleya ndogo ya betri au ya kuchomeka kwenye pawabanki ni msaada mkubwa, mradi uiweke mahali bapa na usikilize sekunde chache tu za mwanzo, za kati na za mwisho, kwa sababu nyingi za bei rahisi zina mkono mzito. Beba na kile kijiduara cha kuziba tundu kubwa, maana baadhi ya santuri ndogo zina tundu la milimita 38 badala ya 7. Kwenye pleya ndipo utakapogundua pia tundu lililotobolewa nje ya katikati: gitaa linapanda na kushuka kama la mlevi. Hilo ni kosa la kiwanda, halitibiki.

Bei usiulize moja moja. Chagua kwanza, tenga rundo, kisha mwambie muuzaji, "Mzee, hizi zote utanifanyia ngapi?" Kutoa simu na kutafuta bei za mtandaoni mbele yake ni utovu wa adabu, na tena huipandisha.

Wa Moshi anayepitia Holili kwenda Mombasa ajiandae na ukungu zaidi kuliko mikwaruzo, kwa sababu ya unyevu wa pwani. Madoa meupe juu ya mifereji huoshwa. Yaliyokula karatasi ya katikati hayaoshwi.

Ukifika nyumbani, santuri zipumzike wima mpaka zipoe. Oshea maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, lakini soma chupa vizuri usije ukanunua asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita linatosha. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, suuza, na karatasi ya katikati isilowe. Spiriti isiguse kabisa zile nzito za kale za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Inaziyeyusha uso.