Jozani si ya watalii tu: namna ya kwenda kuwaona kima punju

Jamani sisi wa Unguja tunapita msitu wa Jozani kila siku na gari za Makunduchi na Jambiani, tunachungulia dirishani tu basi, na huku wageni wanatoka Ulaya kuja kumuona kima punju ambae asili yake ni kisiwa hiki peke yake (wale wa Ngezi kule Pemba walipelekwa kutoka huku miaka ya 1970). Safari hii shuka.

Mwambie konda akushushe getini, ni kama kilomita 35 kutoka mjini. Chukua kitambulisho mana kiingilio cha mkaazi si sawa na cha mtalii. Nenda asubuhi, jua likipanda wanajilaza matawini. Na vaa viatu vya kufunika, masika maji yanatuama chini ya miti.

Ukiingia usiwakimbilie kima, tazama kwanza mitondoo, ile ile ambayo mafundi wa vyombo vya baharini wanaitaka kwa mbao, hapo imeachiwa ikawa mikubwa kweli. Halafu simama kimya usikilize matawi. Kima punju mgongo wake mwekundu, mabega meusi, nywele nyeupe zimemtimka kichwani kama kaamka sasa ivi, na mtazame mkono anavoshika tawi, kidole gumba hana. Yule wa kijivujivu ni kima mwengine, usiwachanganye.

Sasa hili nakuomba sana: usimpe chochote, hata ndizi. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, linachachisha majani, matunda mabivu yenye sukari yanamuumiza. Dawa yake anaijua mwenyewe, anakula makaa, ndo yanamsaidia na sumu ya majani ya mti wa mkungu na muembe. Akikusogelea rudi nyuma wewe, na kama una mafua usiende siku hiyo, yanamuambukiza.

Usiondoke bila ya kupita daraja la mbao la mikoko upande wa Pete. Maji yakitoka utaona mizizi vizuri, ya mkoko imepinda kama mbavu za jahazi, ya mchu (mikoko ya aina nyengine) inachomoza topeni kama kalamu.

Na wenye gari na bodaboda, pale kwenye matuta punguzeni mwendo kabla hamjayafikia, kima wanavuka na watoto vifuani, mimi nimemuona mama mmoja kakaa ukingoni mwa lami anasubiri, gari tatu zimepita hakuna aliesimama.