Kusali pembeni ya kitanda cha Mama Neema
Mke wangu, Mama Neema, ana saratani ya titi. Hapa Bukavu kila jirani huja na ushauri, basi na mimi natoa wangu.

Salini kwa ufupi. Siku ya kemoterapia, zile dawa kali za saratani, hata harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, humtapisha. Maombi ya saa nzima atayaweza wapi? Sisi tunasoma Zaburi ya 121, aya 8 tu, huku nimemshikia beseni. Akinyamaza, nyamaza naye.

Wageni wa kanisa wapokee mlangoni. Anayekohoa aombee hukohuko nje. Anayesema aache dawa ili aonyeshe imani, mshukuru, kisha msindikize. Homa ikifika nyuzi 38, usianze mkesha: tafuta teksi mwende hospitali, ombeni njiani.

Mimi husali nikifua mashuka. Mungu ameshazoea povu langu.