SOMO: Jinsi ya kuchagua utoe msaada wapi (na nani umwambie hapana)

Wakuu habari zenu. Kuna mtu ana nia kabisa ya kutoa, hela yenyewe si nyingi, halafu kila akigeuka kuna anayeomba, yatima, wagonjwa wa kansa, visima, mafuriko, wanyama, shule, na mwisho wa mwaka anajikuta ametoa vijisenti kwa watu lukuki na hajui hata kimoja kilifanya nini. Somo hili ni la huyo. Sitakwambia umsaidie nani, nakuonesha namna ya kuamua, na nakutahadharisha mapema kabisa kwamba nusu ya kazi yenyewe ni kukataa.

HATUA YA 1: Panga kiasi siku ambayo hakuna anayekuomba

Hii fupi. Kaa chini ukiwa umetulia, angalia kipato chako, amua kiasi cha mwaka, andika mahali. Wenye dini wengi wana pa kuanzia tayari, Muislamu ana zaka yake ya 2.5% kwa mali iliyofika nisabu (kile kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na kutimiza mwaka, Wakristo wengi wana fungu la kumi. Asiye na hayo ajipangie mwenyewe, hata 1% ni kitu. Ukishapata kiasi kigawe, sehemu kubwa iende kwenye kile utakachochagua kwa kufuata hatua zinazofuata, kidogo kibaki kwa ajili ya dharura na yale maombi ambayo huwezi kuyakwepa. Hicho kidogo kikiisha kimeisha, hapo ndo unapata nguvu ya kusema "safari hii sina" bila kutunga uongo.

HATUA YA 2: Chagua tatizo kwanza, shirika baadaye

Hapa ndo wengi tunaenda kinyumenyume. Tunaona video, machozi yanatoka, tunatuma, yaani shirika limetuchagua sisi badala ya sisi kulichagua.

Tatizo la moyo ni kwamba hauhesabu. Mwaka 1992 kuna watafiti Marekani waliwauliza watu wangekubali kulipa shilingi ngapi, kwa maana ya dola zao, kuokoa ndege wanaozama kwenye madimbwi ya mafuta. Kundi moja liliambiwa ndege 2,000, lingine 20,000, lingine 200,000. Majibu kwa wastani yakawa dola 80, dola 78 na dola 88. Soma tena hizo namba, ndege wameongezeka mara mia na huruma haijasogea hata kidogo, kwa sababu kichwani mwa kila mmoja alikuwepo ndege mmoja tu aliyelowa mafuta. Sisi sote tuko hivyo hivyo, ndiyo maana tangazo la msaada linakuonesha mtoto mmoja mwenye jina, hawakuoneshi jedwali.

Kwa hiyo kwa kila tatizo linalokugusa jiulize: linaumiza watu wangapi na kwa kiasi gani, kuna kitu kinachojulikana kwamba kinalipunguza, na wachangiaji wengine wamelisahau au wamejazana? Mfano malaria. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani iliua watu kama 597,000 mwaka 2023, karibu wote Afrika na wengi wao watoto chini ya miaka 5, na chandarua chenye dawa kinajulikana kwamba kinafanya kazi. Hapo maswali mawili ya mwanzo yameshajibika vizuri sana.

La tatu watu hulisahau. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 michango ilimiminika mpaka Médecins Sans Frontières, wale madaktari wasio na mipaka, ndani ya wiki kama moja tu wakatangaza kwamba hela ya janga lile imewatosha, na wakawaomba waliokwishachangia ruhusa ya kuihamishia kwenye majanga mengine yasiyo na kamera. Walilaumiwa na baadhi ya wenzao kwa hilo. Mimi nawapa heshima zote, shirika linalokwambia "imetosha" ni la kulishika kwa mikono miwili.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi mtu awe mashine. Kama mzazi wako alifariki kwa ugonjwa wa figo na roho yako iko huko, toa huko, utakuwa mfuatiliaji mzuri kuliko mtu mwingine yeyote. Ninachosema ni chagua mawili, yakizidi sana matatu, na mengine uyaache kwa makusudi ukijua unayaacha.

HATUA YA 3: Angalia njia, usiangalie nia

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo inayorukwa. Karibu kila shirika lina nia nzuri, swali ni kama kile wanachokifanya kinaleta matokeo.

Kuna kisa cha pampu za kuchezea, PlayPump, kilichoanzia Afrika Kusini. Unajua ile bembea ya duara ambayo watoto wanaisukuma wanadandia inazunguka? Basi wakaiunganisha na pampu ya kisima, watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tanki juu, na pembeni ya tanki kuna mabango ya matangazo ya kulipia matengenezo. Kwa karatasi hakuna mtu anaweza kukataa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na taasisi binafsi zikaahidi dola milioni 16.4, lengo likawa kufunga pampu 4,000 Afrika. Halafu uhalisia ukaja. Watoto wakichoka au wakiwa darasani hakuna maji, kwa hiyo kina mama wakajikuta wao ndo wanaizungusha, watu wazima na ndoo zao, kazi ngumu kuliko pampu ya mkono, na sehemu nyingine pampu ya mkono ilikuwa imeshang'olewa kupisha hiyo mpya. Ikiharibika fundi wa pale hana vifaa. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu likaona kwamba ili pampu moja itoshe watu waliokusudiwa, watoto wangepaswa kucheza masaa 27 kwa siku. 27! Kufika 2010 kampeni ile ya Marekani ilikuwa imeshasitishwa.

Aliyetoa hela pale hakuwa mjinga. Ila hakuna aliyeuliza maswali ya kishamba kabisa: nani anaizungusha saa kumi na mbili asubuhi? Ikivunjika nani anatengeneza na kwa hela ya nani? Wenyewe walitaka hii au walitaka pampu ya kawaida?

Ukitaka ushahidi mzito zaidi, tafuta kama njia hiyo imewahi kujaribiwa kwa kulinganisha, yaani vijiji vinachaguliwa kwa bahati nasibu, vingine vinapata msaada vingine bado, halafu wanapimwa wote. Kazi za namna hii ndizo zilizowapa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Huna haja ya kusoma makaratasi yao, kuna wanaokuchambulia kama GiveWell, walioanza 2007 na wanaweka uchambuzi wao wazi kwenye intaneti bure, japo wanaangalia mashirika machache tu.

Na kipimo changu cha haraka haraka ni hiki: je, kitu hiki ni bora kuliko kumpa mhusika hela yenyewe mkononi? GiveDirectly wanafanya hivyo tu, wanampa maskini pesa na kumwacha aamue, na wamepimwa, na watu wengi hawakuzinywea kama tunavyodhani. Mradi ukishindwa kujieleza mbele ya swali hilo, pita.

HATUA YA 4: Sasa kagua shirika lenyewe

Usajili, hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje, akaunti ya benki kwa jina la shirika na siyo la mtu, hayo ni ya lazima, sipotezi muda nayo.

Ninachotaka ufanye ni kufungua ripoti yao ya mwaka. Ruka picha, ruka barua ya mwenyekiti, tafuta namba. Utakutana na "tumewafikia watu 50,000". Simama hapo hapo. Wamefikiwa na nini? Inawezekana watu 300 walipata matibabu na 49,700 waliosalia walisikia tangazo redioni, na yote imejumlishwa. Waandikie meseji au baruapepe, maneno machache: mwaka jana mlifanya nini hasa, mlijuaje kwamba kimesaidia, na kuna kitu gani mlijaribu kikashindwa? Hilo la mwisho ndo dawa. Shirika la maana litakwambia "tulijaribu hiki, hakikwenda, tukabadilisha hivi". Shirika la maneno litakurudishia shukrani ndefu, kipeperushi na namba ya akaunti.

Halafu hili la gharama za uendeshaji. Watu wanapenda kuuliza "asilimia ngapi inaenda kwa walengwa moja kwa moja?" na wakisikia 95 wanatulia. Mwaka 2013 wakaguzi watatu wakubwa wa mashirika ya hisani Marekani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wakisema asilimia hiyo peke yake ni kipimo kibovu. Mhasibu analipwa, gari linawekwa mafuta, anayefuatilia matokeo analipwa. Zile pampu za kuzunguka zingekuwa na asilimia nzuri tu na bado watu wasingepata maji. Ikiwa ni 60 au 70 inaenda kwenye safari na semina za mabosi, hapo ndiyo, kimbia.

HATUA YA 5: Toa kwa mpangilio, kisha waache wafanye kazi

Kidogo kila mwezi kinamsaidia mtu kupanga kuliko kikubwa cha mara moja. Usiweke masharti ya "hela yangu inunue madawati tu" kama umeshaliamini shirika, wao wanajua mwezi huu kinachokosekana ni dawati au ni mshahara wa mwalimu. Mara moja kwa mwaka rudi usome ripoti, amua kubaki au kuondoka.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo, lakini ndugu zangu mwenyewe wanaomba ada na matibabu kila mwezi, niwaache nikasaidie nisiowajua?

Jibu: Hapana ndugu. Hao ni wajibu wako, na wala usiwaweke kwenye bajeti hii, wawekee fungu lao. Ukiwachanganya kitakachotokea ni kwamba ndugu watameza lote kwa sababu wao wana namba yako ya simu na wale wengine hawana. Na kama baada ya familia hakijabaki kitu mwaka huu, hujakosea popote, subiri.

Swali: Kuna picha ya mtoto mgonjwa inasambaa magrupu yote, wanaomba hela ya operesheni. Nitajuaje si matapeli?

Jibu: Uliza jina la hospitali, tafuta namba ya hospitali MWENYEWE, usipige ile uliyopewa kwenye tangazo, uliza kama unaweza kulipia bili ya mgonjwa huyo moja kwa moja kwao. Hospitali inaweza isikupe habari za ugonjwa wake na ni haki yake, ila kupokea malipo ya bili kwa kawaida wanaweza. Picha yenyewe ipakie kwenye sehemu ya kutafutia picha kwenye intaneti, mara nyingi utaikuta imeshatumika kwa jina lingine. Anayesisitiza "tuma sasa hivi kwenye namba hii" na hataki ulipe hospitalini, achana naye.

Swali: Sisi tuna kikundi, tunataka kujenga kituo cha yatima. Ushauri?

Jibu: Dada, kabla ya kununua hata tofali. Save the Children walishaandika kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 walioko kwenye vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Wengi wamepelekwa pale kwa sababu kituo kina shule na chakula na nyumbani hakuna. Kwa hiyo jengo linaweza kuvuta watoto watoke kwa bibi zao. Hela hiyo hiyo ikimpa bibi uwezo wa kukaa na wajukuu itahudumia watoto wengi zaidi. Wapo wasio na mtu kabisa, wanahitaji pa kulala, sikatai, ila hata hapo saidia kituo kilichopo na uwaulize mwaka jana walirudisha watoto wangapi kwa ndugu. Wakishangaa swali, umepata jibu.

Swali: Nguo nilizonazo nizipeleke kwenye maafa ya mafuriko au niuze nitume hela?

Jibu: Uza, tuma hela. Nguo zikifika kwa wingi zinaziba ghala na bandari na kuna mtu anaacha kugawa dawa ili achambue mashati. Isipokuwa waliopo eneo la tukio wametaja wenyewe kitu fulani wanachokitaka.

Swali: Kwa heshima zote mkuu, mi naona hizi hesabu zinaua utu. Mtu akilia mbele yangu nimuulize kuhusu majaribio ya kulinganisha?

Jibu: Hahaha hapana, mpe. Ndiyo maana hatua ya kwanza nimekuachia fungu dogo la hivyo, hilo halina fomula, toa tu. Ila wewe unamwona huyu kwa sababu yuko mbele yako, na mwenye mtoto anayetetemeka kwa malaria kijiji ambacho hutakaa ukifike naye analia vile vile. Fungu kubwa ni lake. Ukiona mgawanyo wangu haukukai, nusu kwa nusu pia sawa, sitagombana na mtu anayetoa.

Swali: Naweza kubadili shirika katikati ya mwaka?

Jibu: Ukigundua wizi au uongo, siku hiyo hiyo. Kama ni kwamba umeona tangazo jipya lililokuliza, subiri mpaka tarehe yako ya kupitia upya, kama bado litakuwa linakugusa lipitishe hatua ya 2 kama wengine.