Kubadilisha oili ya giaboksi ya mashine ya boti, na namna ya kusoma oili inayotoka

Giaboksi ya mashine ya boti, yaani sehemu ya chini yenye gia zinazozungusha propela, inafanya kazi ikiwa imezama majini muda wote. Kinachozuia maji kuingia kwenye gia ni midomo ya sili za mpira zinazobana shafti, oringi (pete za mpira) na washa mbili za skrubu, basi. Halafu oili yenyewe ni kidogo: Yamaha Enduro 15 inabeba mililita 250, Enduro 40 inabeba mililita 430. Kwenye ile ya 15, maji ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa yanatosha kuchukua nafasi ya robo ya oili yote. Ndiyo maana kazi hii ina sehemu mbili zenye uzito sawa: kuweka oili mpya, na kuichunguza ya zamani kabla hujaitupa. Anayemwaga bila kuangalia amefanya nusu ya kazi.

Maelezo haya yanafuata Enduro 15 na 40 kwa sababu ndizo zilizojaa pwani na kwenye maziwa yetu, lakini mashine nyingine nyingi zinafunguliwa kwa utaratibu uleule.

Ibadilishwe lini

Mashine mpya, au iliyofunguliwa giaboksi na kufungwa upya, ibadilishwe oili baada ya saa 10 za mwanzo za kazi, kwa sababu gia mpya zinaposagana hutoa unga wa chuma. Baada ya hapo ni kila saa 100 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Miezi sita hiyo inamfaa mwenye boti ya matembezi. Boti ya uvuvi inayokwenda saa tano kwa siku inamaliza saa 100 ndani ya siku 20 za kazi. Kwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa, wakati mzuri ni mbalamwezi, boti zikiwa zimepumzika: oili ikibadilishwa kila mwezi kipindi hicho, hakuna haja ya kuhesabu saa.

Oili gani

Inayotakiwa ni oili ya gia SAE 90 (namba ya uzito wake), daraja la GL-4 (kiwango cha kuhimili mgandamizo wa gia) au zaidi. Iliyo bora ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya giaboksi za boti, kwa kuwa ina viungo vya kuzuia kutu na huendelea kulinda gia hata maji kidogo yakiingia. Ikikosekana, oili ya gia ya gari ya 90 iliyo katika chombo ambacho hakijafunguliwa ni afadhali mara nyingi kuliko oili ya boti iliyokaa kwenye chupa wazi ufukweni. Usitumie oili ya injini, hata kama ni nzito, wala ile nyekundu ya gia za otomatiki. Meno ya gia hizi hubanana na kuteleza kwa nguvu kubwa, na oili isiyo na viungo vya kuhimili mgandamizo huo inasukumwa kando, chuma kikabaki kinakula chuma.

Andaa pia washa mbili mpya za skrubu, bisibisi bapa pana inayojaa mfereji wa skrubu, bomba dogo la kujazia linaloshika kwenye tundu, grisi isiyoondoka majini, vitambaa safi, na chombo cheupe au kinachoonyesha ndani chenye alama za mililita. Chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa juu inafaa kabisa. Rangi nyeupe au uwazi wa chombo ni muhimu, kwa sababu kwenye kopo jeusi hutaona kitu.

Kufungua na kumwaga

Acha mashine ikae usiku mzima ikiwa imesimama wima. Maji yaliyochanganyika na oili wakati wa mwendo hupata nafasi ya kutengana na kushuka chini. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, chomoa waya za plagi au kamba ya kuzimia ili mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye propela.

Skrubu ni mbili. Ya kumwagia iko chini, kwenye sehemu nene ya giaboksi iliyo mbele ya propela. Ya kipimo, inayoonyesha oili imefika wapi, iko juu yake, karibu na bawa bapa lililo juu ya propela. Usifungue skrubu nyingine yoyote usiyoijua. Kwenye mashine za zamani za Johnson na Evinrude kuna skrubu ya kichwa cha nyota jirani na ya kumwagia. Hiyo imeshika mkono wa kubadilishia gia, na ukiitoa, mkono unaanguka ndani na giaboksi nzima italazimika kufunguliwa.

Skrubu zilizoshikwa na chumvi ndizo zinazowaharibia watu kazi. Skrubu ni ya chuma, mwili wa giaboksi ni wa alumini, na vyuma viwili tofauti vikikaa kwenye maji ya chumvi huliana mpaka vinashikana. Bisibisi ndogo itakata mfereji, na ukishakatika umeingia kazi ya kutoboa. Weka bisibisi pana wima kabisa, igonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa ili kuvunja kutu, kisha shika shina lake kwa spana na uzungushe huku ukikandamiza kwa uzito wa mwili. Ikikataa, mimina maji ya moto kwenye giaboksi: alumini hutanuka kuliko chuma, na skrubu mara nyingi huachia. Mwenye bisibisi ya kugonga (inayojizungusha ikigongwa kwa nyundo) aitumie hiyo. Moto wa gesi usiusogeze hapo, utaunguza sili.

Legeza ya chini kwanza, kwa robo mzunguko tu, na uangalie tone la kwanza. Likiwa maji, utaliona waziwazi kabla oili haijalifuata. Kisha itoe yote. Oili itatoka polepole kwa sababu hakuna hewa inayoingia juu. Sasa toa skrubu ya kipimo na itamwagika kwa kasi. Ukianza na ya juu hakuna kitakachoharibika, ila ukija kufungua ya chini oili itakurukia mkononi.

Oili ya 90 iliyopoa ni nzito, kwa hiyo acha idondoke angalau nusu saa. Wapo wanaopenda kuwasha mashine kwanza ili oili iwe nyepesi. Ni sawa, mradi umeshaangalia tone la kwanza, na mradi giaboksi imezamishwa kwenye pipa la maji kupita matundu ya kunyonyea maji. Mashine ikiwashwa pakavu, impela (gurudumu la mpira) ya pampu ya maji inaungua kwa muda mfupi sana.

Kusoma kilichotoka

Anza na kiasi. Kama Enduro 15 imetoa mililita 170, oili imepotea mahali, na kwa kawaida ni kwenye sili ya shafti ya propela; mwenye boti atakuwa ameshaona duara la mafuta likielea nyuma boti ikiwa imetulia. Kama imetoa zaidi ya 250, kilichozidi si oili.

Rangi ya kahawia au nyeusi kidogo, inayopitisha mwanga, ni ya kawaida. Nyeusi tii yenye harufu ya kuungua inaonyesha oili iliyochelewa kubadilishwa au iliyokuwa pungufu ikapata joto kali. Ikiwa nyeupe au rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na yamekorogwa na gia. Hapo kubadilisha oili peke yake hakusaidii. Utaiweka mpya na safari ya kesho itaigeuza maziwa tena.

Futa skrubu ya chini kwa kidole. Nyingi zina sumaku. Utepetepe wa kijivu, laini, unaouponda kati ya vidole bila kuhisi punje, ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au vyenye ncha, vimetoka kwenye jino la gia, beringi au klachi. Mashine ya namna hiyo isirudi majini. Klachi yenye pembe zilizolika ina dalili nyingine pia: gia inachomoka yenyewe ukiongeza mwendo.

Mshipi nyuma ya propela

Chanzo kikubwa cha maji kwenye giaboksi za boti za uvuvi ni nailoni. Mshipi au uzi wa wavu ukinaswa na propela unajizungusha kwenye shafti, unapenya nyuma ya bushi ya propela hadi kwenye mdomo wa sili, na kwa kuwa shafti inazunguka kwa kasi, uzi unapata joto na kukata mpira. Kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo kila unapobadilisha oili, toa propela. Nyoosha pini ya nati, izuie propela isizunguke kwa kipande cha mbao kilichobanwa kati ya panga lake na bawa bapa, fungua nati, na upange vipande kwenye kitambaa kwa mfuatano uleule uliovitoa, hasa washa nene ya ndani na upande wake unaotazama mbele.

Vuta uzi wote kwa koleo na kwa mkono. Usiukate kwa kisu ukielekeza ncha kwenye sili. Angalia kama kuna oili inayovuja kuzunguka shafti. Paka grisi kwenye meno ya shafti, rudisha propela, kaza nati, weka pini mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa na kukunjwa mara kadhaa hukatika, na propela ikaenda nayo.

Kama maji yameingia na sili ya propela ni nzima, angalia kwingine: washa za skrubu zilizotumika mara nyingi, sili za shafti ndefu chini ya pampu ya maji, sili ya fimbo ya gia, na oringi ya nyumba ya beringi iliyo nyuma ya propela. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: giaboksi inaweza isivujishe oili hata tone na bado ikaingiza maji. Ikitoka kwenye mwendo ikiwa na joto halafu ikapoa ndani ya maji, hewa iliyomo husinyaa na kunyonya maji kupitia sili iliyochoka.

Fundi hupima kwa hewa. Giaboksi ikiwa tupu, anafunga skrubu ya chini, anaunganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye tundu la juu, na kupandisha presha polepole, isizidi bar 1, huku giaboksi ikiwa ndani ya pipa la maji. Mapovu yanaonyesha mlango. Kompresa ya kujazia matairi isitumike moja kwa moja. Itazisukuma sili nzima zitoke.

Kujaza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Oili inajazwa kutoka chini kwenda juu. Ukimimina kwa tundu la juu, hewa inafungwa ndani, oili inatokea mdomoni mapema, unafunga ukidhani imejaa, kumbe ni nusu.

Mashine ikiwa wima, shikisha bomba kwenye tundu la chini na usukume oili taratibu bila kukatisha. Itapanda, itasukuma hewa nje kwa tundu la juu, halafu itaanza kutoka ikiwa na mapovu. Endelea mpaka itoke safi, bila povu. Kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu kinakusaidia kununua na kukagua. Mwamuzi wa kweli ni tundu la kipimo.

Sasa usitoe bomba. Funga kwanza skrubu ya juu ikiwa na washa mpya. Kwa kuwa hewa haiingii tena juu, oili itabaki ndani utakapotoa bomba chini, na utapoteza matone machache tu wakati unaweka skrubu ya pili. Iweke karibu, tayari na washa yake, sumaku ikiwa imefutwa, nyuzi zimepakwa grisi kidogo. Grisi hiyo ndiyo itakayokuokoa na nyundo safari ijayo.

Kaza kwa kiasi. Kitabu cha mashine nyingi za Yamaha hutaja Nm 9, yaani nguvu ya kifundo cha mkono kwenye bisibisi pana, bila spana. Kinachozuia maji ni washa, na ukizidisha unang'oa nyuzi za alumini.

Kama oili ya zamani ilikuwa maziwa na tatizo limeshatengenezwa, ujazo mmoja hautoshi kwa sababu mabaki yameganda pembeni. Jaza, washa mashine ndani ya pipa dakika 10 ukiingiza gia mbele na nyuma kwa mwendo wa chini, kisha mwaga. Rudia mpaka itoke angavu, halafu ndipo uweke ya kudumu.

Oili ya zamani ikusanye kwenye galoni na uipeleke gereji wanakokusanya chakavu. Isimwagwe ufukweni.

Baada ya safari ya kwanza acha mashine ipoe, isimame wima, na ufungue skrubu ya juu peke yake. Oili iwe kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa imeshuka kidogo, hewa iliyokuwa imejificha kwenye beringi imetoka. Ongeza kwa bomba kutoka chini kama mwanzo. Ikiwa imeshuka sana, au inatoka na weupe, rudi kwenye sili.