Kabla ya kufungua hita plagi za lori la dizeli

Anza kwa kuhakikisha kwamba injini yako ina hita plagi kweli, yaani plagi za umeme zinazopasha moto silinda ili dizeli iwake injini ikiwa baridi. Injini nyingi kubwa za malori hazina. Humo hewa hupashwa moto na hita iliyowekwa kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Zipo pia injini ambazo plagi zimefichwa. Ford 7.3 Power Stroke, kwa mfano, zimo chini ya tapeti kava, na waya zake hupita kwenye gasketi ya kava hilo. Hapo gasketi mpya na waya mpya ni sehemu ya ununuzi, maana viungio vyake huungua.

Pima kabla ya kununua. Chomoa waya wa kila plagi, kisha weka mita ya omu kati ya terminali na bodi ya injini. Plagi nzima ya chuma ikiwa baridi husoma takriban omu 0.5 hadi 2; iliyokatika ndani haisomi kitu. Kwa kuwa namba ni ndogo hivyo, gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe na utoe usomaji huo, la sivyo waya za mita zitakudanganya. Moja ikifa na nyingine zina umri uleule, badilisha zote. Zikifa zote kwa mpigo, tuhumu rilei (swichi ya umeme wa plagi) iliyoganda ikaendelea kupeleka umeme. Ukifunga plagi mpya bila kuishughulikia rilei hiyo, utaziunguza nazo. Kagua pia fyuzi, nyaya za ethi na betri: betri ya volti 12 ikishuka chini ya takriban 9.6 wakati starta inazunguka, injini itawaka kwa taabu hata plagi ziwe mpya.

Sasa kazi yenye hatari, ambayo ni kuzitoa. Plagi hukwama kwa kaboni na kutu, na ikikatika ndani ya silinda hedi, kazi ya saa chache inageuka kuwa ya kushusha hedi. Puliza vumbi na mchanga kuzunguka kila tundu kwa kompresa, ndipo umwagie mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yapenye usiku kucha. Ukitanguliza mafuta, uchafu utageuka tope na kuteremkia kwenye silinda. Siku ya kazi washa injini hadi ifikie joto lake la kawaida, kisha fungua ikiwa bado moto, ila jihadhari na egzosi.

Tumia soketi ndefu na spana ya toki, na ujue kikomo. Plagi ya M8 (meno ya kipenyo cha milimita 8) haifai kulazimishwa zaidi ya takriban 20 Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) wakati wa kufungua, M10 ni 35, na M12 ni 45. Isipolegea hapo, acha. Ongeza mafuta, pasha moto tena, irudishe mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikilegea kisha ikagoma kutoka, yawezekana ncha imevimba. Kuivuta kwa nguvu ndiko huangusha ncha ndani.

Plagi ulizotoa zipange kwa mpangilio wa silinda. Ncha iliyoyeyuka au kuliwa upande mmoja mara nyingi inaishtaki nozeli (kipulizia dizeli) ya silinda hiyo: inavuja au inapulizia vibaya, na kuweka plagi mpya tu ni kuahirisha tatizo. Ncha yenye mafuta mabichi ya injini inakupeleka kwenye ringi au sili za valvu. Matundu yakiwa wazi ni nafasi nzuri ya kupima kompreshani pia. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda.

Manifoldi ikiwa imeshushwa ili kuzifikia plagi, hosi za maji zilizo nyuma yake, mipira ya dizeli inayorudi na gasketi ya manifoldi zibadilishwe hapohapo, kwa sababu kuzifikia siku nyingine ni kurudia kazi nzima. Ziba njia za hewa kwa vitambaa, na uvihesabu.

Safisha tundu kwa rima (kifaa chenye mifereji cha kukwangulia tundu) inayolingana na plagi, mifereji yake ikiwa na grisi ili kaboni inate; usitumie drili. Zungusha injini kidogo kwa starta kabla ya kufunga plagi, dizeli ikiwa imezimwa, ili mabaki yatoke.

Plagi ianze kuingia kwa vidole hadi ikae. Kisha kaza takriban 10 Nm kwa M8, 15 kwa M10, 22 kwa M12, kitabu cha injini kikisema vingine kifuatwe. Namba hizo ni za meno makavu; ukipaka grisi, spana itasoma kidogo huku plagi ikikazwa kupita kiasi. Plagi ya seramiki iliyoanguka haifungwi hata ikionekana nzima, na haijaribiwi kwa betri moja kwa moja, kwani nyingi hufanya kazi kwa volti chini ya 12. Nati ya waya inataka 2 Nm tu kwa M4, 3 kwa M5. Ukiizidishia, unaizungusha nondo ya ndani na plagi mpya inakufa kabla ya kuwaka.